Taa Itawaka Waifai Ikipotea? Mwongozo wa Vifaa Janja kwa Wakazi wa Kisumu na Ufuo wa Ziwa

Novemba 24, 2024 ilikuwa siku ya mwisho ya kurekebisha mamilioni ya mita za tokeni duniani. Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake alama ya wakati, yaani dakika zilizohesabiwa tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilikuwa imekaribia kujaa. Mita ambayo haikuwa imerekebishwa kufikia siku hiyo ingekataa tokeni mpya. Kenya Power ikawatumia wateja misimbo miwili ya ziada, kila mmoja tarakimu 20, iingizwe kabla ya tokeni yenyewe. Kuanzia Manyatta hadi Milimani, Ahero hadi Mbita, watu walisimama mbele ya kile kidude cha ukutani wakibonyeza tarakimu 60 moja baada ya nyingine.

Naanza na mita kwa sababu watu wakisikia habari za nyumba janja huwaza spika inayojibu maswali, au mlango unaofunguka ukitambua uso. Kumbe Kisumu iliingia zamani katika mambo haya. Mita ya tokeni ni kompyuta ndogo, ila haina intaneti: ujumbe hufika kwenye simu yako, nawe unaupeleka kwa kidole. M-KOPA ilipoanza kuuza taa za sola nchini mwaka 2012, kila kisanduku kilikuwa na laini ya simu ndani. Mteja alilipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na asipolipa kampuni iliweza kukizima bila kumtuma mtu. Kijiji cha Siaya ambacho hakijawahi kuona nguzo ya stima kilikuwa tayari na kifaa kinachoamriwa kutoka mbali.

Vifaa hivyo viwili vinatufundisha jambo ambalo matangazo hayalisemi. Uzuri wa kifaa janja hauonekani siku ya kukinunua. Huonekana siku stima zikipotea, bando likiisha, au kampuni iliyokitengeneza ikiacha kukihudumia. Basi kila nitakachoeleza hapa, iwe balbu, plagi, kamera au saa ya mkononi, nitakipima kwa swali hili: hicho kilichokiunganisha kikikatika, kitaendelea kufanya kazi gani?

Amri hupita wapi

Chukua balbu ya waifai, zile zinazouzwa sasa kwenye maduka ya Oginga Odinga Street. Ukiwa sebuleni Nyalenda, unagusa simu ili uwashe taa iliyo juu ya kichwa chako. Katika balbu nyingi za bei ya chini, amri hiyo hutoka kwenye simu hadi ruta, husafiri kwa nyaya hadi pwani, hupita chini ya bahari mpaka kwenye seva iliyo nchi nyingine, kisha hurudi njia hiyo hiyo hadi kwenye balbu. Mtandao ukiwa mzima huoni tofauti. Lakini Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa Afrika, na intaneti ikawa dhaifu Kenya, Tanzania na Uganda kwa siku kadhaa. Siku kama hizo balbu inayotegemea seva ya ng'ambo hubaki balbu ya kawaida, tena ikiwa na bahati.

Watengenezaji wakubwa wamelitambua tatizo hili. Oktoba 2022 ulizinduliwa mfumo wa pamoja unaoitwa Matter, uliokubaliwa na Apple, Google, Amazon na Samsung. Kifaa chenye alama ya Matter kinaweza kuzungumza na simu yako ndani ya nyumba bila kupitia intaneti, na hakikufungi kwa kampuni moja. Ukiona alama hiyo kwenye boksi, bei ikizidi kidogo, lipa. Usipoiona, uliza kama kifaa kinaweza kuendeshwa kwa Bluetooth au kwa waifai ya nyumbani peke yake. Na hakikisha ruta yako inatoa mawimbi ya gigahezi 2.4. Plagi na balbu nyingi haziyaoni yale ya gigahezi 5, na watu wengi hurudisha kifaa dukani wakidhani kimeharibika kumbe tatizo ni hilo tu.

Kampuni nazo hubadilisha nia. Google ilipozima seva za Revolv, kifaa cha kuendeshea vifaa vya nyumba janja, mwezi Mei 2016, waliokinunua Marekani kwa karibu dola 300 walibaki na plastiki tupu. Oktoba 2025 iliacha kuhudumia vidhibiti-joto vyake vya Nest vya matoleo mawili ya kwanza. Safari hii, ingawa havikuweza tena kuendeshwa kwa simu, viliendelea kufanya kazi kwa kuzungushwa kwa mkono pale ukutani. Kati ya hasara hizo mbili, chagua vifaa vinavyoelekea ya pili. Swichi ya ukutani isiondolewe.

Radi, stima na plagi

Hapa ndipo ufuo wetu unapotofautiana na maeneo ambayo vifaa hivi vilibuniwa. Mchana upepo wa ziwa hupanda nchi kavu, ukagonga milima ya Nandi na nyanda za juu za Kericho na Kisii, na mawingu ya radi hujengeka alasiri. Usiku upepo hugeuka, hewa ya nchi kavu hukutana juu ya maji, na ngurumo huhamia ziwani hadi alfajiri. Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Kifaa chenye kompyuta ndani yake hakivumilii mruko wa umeme ambao balbu ya zamani ingeustahimili.

Jambo la kwanza, kuzima plagi janja kwa simu si kuichomoa. Ndani yake kuna swichi ndogo yenye mwanya mwembamba sana, na radi huuruka mwanya huo bila shida. Ngurumo zikikaribia, chomoa plagi kwa mkono, na uchomoe pia waya wa intaneti na wa antena, kwa sababu radi hupitia huko vilevile. Wengi huokoa televisheni na kupoteza ruta. Usifanye hivyo radi ikiwa tayari juu ya paa lako, maana hapo ni hatari kwako mwenyewe. Fanya mapema, anga linapoanza kugeuka.

Jambo la pili ni waya wa ardhini. Kifaa cha kuzuia mruko wa umeme hufanya kazi vizuri pale tu umeme wa ziada unapokuwa na njia ya kushuka ardhini. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la tatu halikuunganishwa na chochote. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA apime, na kama wewe ni mpangaji, mwombe mwenye nyumba agharamie, kwa sababu hilo ni suala la usalama wa jengo. Baada ya hapo ndipo ununue ile gadi ya friji inayosubiri dakika chache stima zikirudi kabla ya kupitisha umeme. Kwa maoni yangu gadi hiyo ina faida kubwa kuliko balbu kumi zinazobadilisha rangi.

Jambo la tatu ni uzito wa mzigo. Soketi ya Kenya ni ya ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni takriban wati 3,120. Plagi janja nyingi zimeandikwa ampea 10, yaani wati 2,400. Soma nyuma ya kifaa. Televisheni, feni na friji ya kawaida hazina shida. Birika la umeme na pasi huenda zikafika ukingoni. Hita ya kuogea inayopasha maji papo hapo hutumia zaidi ya wati 5,000, na haipaswi kamwe kuunganishwa kwenye plagi ya namna hii. Itayeyuka, na moto ukianzia bafuni utaenea nyumba nzima.

Lakini kuna plagi moja ambayo ningependa kila nyumba inayolalamikia tokeni iwe nayo, ile inayopima matumizi. Tangu Aprili 2023 bei ya stima za nyumbani imegawanywa katika makundi matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na wanaovuka 100. Kundi lako huamuliwa na wastani wa miezi mitatu. Iunganishe friji kwenye plagi hiyo wiki nzima, kisha uhamishe kwenye televisheni, kisha kwenye feni. Utajua ni kipi kinachokusukuma kuvuka mpaka, wala hutahitaji kubahatisha. Na vifaa janja vyenyewe uvihesabu: balbu ya waifai iliyozimwa kwa simu huendelea kunywa karibu nusu wati ikisubiri amri. Balbu kumi ni wati tano, usiku na mchana, na kwa mwezi hizo ni yuniti 3.6. Kwa mtu anayejitahidi kubaki chini ya 30, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya tokeni yake, na hajawasha taa hata moja.

Kamera

Kamera ndizo zinazonunuliwa zaidi, na sababu inaeleweka: duka huachwa usiku, boma la mashambani huachwa miezi. Zile za sola zenye laini ya simu ndani zimewafaa watu walio mbali na waya. Tahadhari yangu ya kwanza ni bando. Kamera inayorusha picha mfululizo kwa kasi ndogo ya megabiti moja kwa sekunde hula karibu megabaiti 450 kwa saa, na hizo ni takriban gigabaiti 11 kwa siku. Ipange irekodi kwenye kadi ya kumbukumbu iliyo ndani yake, na ikutumie picha pale tu kitu kinapopita. Hivyo mtandao ukipotea, ushahidi bado uko ndani ya kamera. Na kwa kuwa mwizi anaweza kuing'oa yote, iweke juu.

Tahadhari ya pili ni nywila. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu nywila zilizotoka nazo kiwandani. Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kushambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiwaelekeza watumiaji kwenye tovuti, na tovuti kubwa zikaanguka kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Siku ya kufunga kamera, badilisha nywila kabla fundi hajaondoka, na uibadilishe tena akishaondoka. Zima pia uwezo wa watu wa nje kuitazama, kama huuhitaji.

Sasa sheria. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaifafanua haki hiyo. Matumizi ya nyumbani tu yameachiwa nafasi, lakini kamera yako ikitazama dirisha la jirani au njia ya watu wote, huwezi kusema ni mambo ya nyumbani tu. Igeuze. Dada anayekusaidia nyumbani aambiwe kamera ziko wapi, na isiwekwe hata moja anapolala au anapooga. Nalisema kwa mkazo kwa sababu naona likichukuliwa kama haki ya mwajiri, na si haki yake. Picha za mshukiwa wa wizi usizitume kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, zipeleke polisi. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuchapisha picha ya mteja wake.

Saa ya mkononi na afya

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu anayedanganywa ni mgonjwa. Saa za bei ya chini zinauzwa zikidaiwa kupima presha, sukari, oksijeni na joto, zote kwa pamoja. Mama mwenye kisukari huambiwa hatahitaji tena kujidunga kidole.

Kuhusu sukari, jibu ni fupi. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari bila kutoboa ngozi. Vipo vipimo halali vinavyobandikwa mkononi, kama FreeStyle Libre, lakini hivyo vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, na kibandiko hubadilishwa kila baada ya wiki mbili hivi. Saa inayokuonyesha sukari kwa mwanga peke yake inabuni namba, na ukidunga insulini kwa kufuata namba hiyo unaweza kufa.

Kuhusu presha, mambo yamesonga mbele kidogo. Saa za Samsung zenye kipimo hicho hutaka zilinganishwe na mashine ya mkanda kila siku 28. Bila mashine hiyo hazina maana. Septemba 2025 Apple ilipata idhini Marekani ya kuwaonya wavaaji wanaoonyesha dalili za presha ya kudumu. Saa hiyo haitoi namba yoyote. Hutazama mapigo ya siku 30 kisha hukushauri ukapimwe. Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu, nunua mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko. Na kama huna, muulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Zaidi ya 100,000 kati yao walipewa vifaa Septemba 2023, na ndani ya mikoba yao mna mashine ya presha na kipima sukari. Anakuja mlangoni.

Oksijeni inahitaji uangalifu wa pekee kwetu sisi. Vipimo hivi hupitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huathiri kinachorudi. Utafiti uliochapishwa Desemba 2020 katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba vipimo vya kidoleni vya hospitalini, ambavyo ni bora kuliko saa, vilikosa kuugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya vilivyoukosa kwa weupe. Ukanda wetu una watoto wengi wenye selimundu. Mtoto akihema kwa shida, usiitazame saa. Mpeleke.

Je, saa haina faida? Inayo, katika mambo inayoyajua: hatua, usingizi na mapigo ya moyo, ukiyalinganisha na yako mwenyewe ya wiki zilizopita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg cha Ujerumani na wenzao wa Kenya waliwavisha saa za aina hiyo wakazi wa mashambani Siaya ili kuona jinsi joto linavyogusa usingizi na mwendo wao wa kila siku, na makala yao ikachapishwa 2024. Hiyo ni kazi inayoifaa saa. Nawe ukiona mapigo yako ya kupumzika yamepanda ghafla kwa siku mbili, na mwili unauma, usikisie. Huku kwetu malaria haijaondoka. Nenda ukatobolewe kidole upimwe.

Habari zako za afya pia zina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Sheria ya 2019 inaziweka katika kundi la data nyeti. Una haki ya kuuliza kampuni imehifadhi nini juu yako na kutaka kifutwe, na ikikataa unaweza kumlalamikia Kamishna. Zima kipengele kinachoonyesha njia unazokimbilia. Januari 2018 ramani ya wakimbiaji ya Strava ilifichua hadi kambi za kijeshi. Njia yako ya alfajiri kutoka Riat itafichuliwa kwa urahisi zaidi. Na kabla ya kuuza saa, simu au kamera sokoni Kibuye, irudishe katika hali ya kiwandani.

Ziwani

Kwa mvuvi wa omena anayekesha majini, nitasema machache. Saa nyingi hutegemea simu kwa Bluetooth, na mawasiliano hayo hufika mita kumi hivi. Simu ikilowa, saa haiwezi kuita msaada. Huduma ya dharura kwa satelaiti ilianza kwenye iPhone 14 mwaka 2022 huko Marekani na Kanada, na haifanyi kazi kila nchi, kwa hiyo usiihesabu kabla hujathibitisha. Utabiri wa ziwa unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, unaotaja upepo, mawimbi na radi, ukiusikia kabla ya kutoka ufuoni una faida kuliko kifaa chochote mkononi. Jaketi la kuokoa maisha halihitaji chaji.

Wenye vizimba vya tilapia wana sababu nzuri ya kununua vihisi. Oksijeni ya maji hushuka kabisa alfajiri, kwa kuwa usiku mimea haiitengenezi bali huitumia, na maji ya chini yakipinduka kuja juu, samaki wa kizimba kizima wanaweza kufa kwa saa chache. Tilapia hustawi oksijeni ikizidi miligramu 5 kwa lita. Ikishuka chini ya 3 wako hatarini. Kihisi kinachokuamsha saa kumi alfajiri kinakupa nafasi ya kusimamisha chakula, kuwasha pampu ya hewa au kuwahi kuvua. Ila mwani hukifunika upesi, na kihisi kichafu hutoa namba nzuri za uongo. Kisafishe kila wiki, na ukilinganishe na kipimo cha mkono. Usipokuwa na mtu wa kuifanya kazi hiyo, usikinunue.

Dukani

Kifaa chochote chenye laini ya simu kinatakiwa kuwa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya; uliza. Dai risiti yenye jina la duka na muda wa warantii ulioandikwa, si wa mdomo. Uliza ni nani atakayekirekebisha hapa Kisumu. Kisha, kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji azime waifai ya duka mbele ya macho yako, halafu awashe hiyo taa, afungue hicho kitasa, au aonyeshe picha iliyorekodiwa na hiyo kamera. Kikikataa, kiache mezani uende duka la pili.